Hati na Amana

Katika mtaa mmoja wa Tanga, ambao nyumba zake za udongo zimeegemeana bega kwa bega hata jirani husikia jirani yake akikohoa, yupo bibi mmoja ambaye ua wake hujaa watoto kabla jua halijapanda: mtoto wa muuza samaki anayewahi mnadani, wa mpishi wa mgahawa, wa msichana anayefua nguo za watu. Hapana daftari wala karani. Mama humtua mtoto mkekani, husema, “Shikamoo bibi, huyu hapa,” hujibiwa, “Marahaba mwanangu, nenda,” na kwa maneno hayo machache amana imekwisha kupokelewa.

Siku moja alifika afisa wa Ustawi wa Jamii, kijana mwenye adabu, na utepe wa kupimia mkononi. Alipima chumba, akatazama mtungi wa maji, akahesabu tundu za choo, nayo ilikuwa moja tu, kisha akauliza mlezi ana cheti gani. Bibi alicheka kidogo, akaficha mdomo kwa upande wa khanga, akasema kwamba amelea saba wake na wajukuu ambao hesabu yao imempotea. Katika fomu ya afisa hapakuwa na nafasi ya kuandika jibu hilo.

Kijana yule hakuwa akifanya ukaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuacha malezi ya mchana yawe shughuli ya kila apendaye; kituo kitakacho kupokea watoto wadogo sharti kipate kibali cha serikali, na darasa la awali katika shule lina masharti yake mengine, miongoni mwayo kipimo cha mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mtu aliyepata kukaa na watoto watatu siku ya mvua atakiri kwamba ishirini na watano ni ukarimu mkubwa kwa nguvu za mwalimu, lakini kipimo ni kipimo, na afadhali kiwepo.

Swali linalonisumbua limekaa nyuma ya sheria hiyo. Amana, kwa maana tuliyorithi katika dini, ni kitu kinachopita baina ya nafsi mbili, mmoja akimjua mwenziwe. Basi yawaje atakayeidhinisha amana hii awe mtu wa tatu, asiyemjua mtoto wala mlezi, naye hutoa idhini yake kwa muhuri? Masheikh wetu wa pwani walikuwa na hati yao, ijaza, ambayo mwalimu alimpa mwanafunzi aliyesoma kitabu mbele ya macho yake, na mwalimu huyo naye alikuwa ameipokea kwa mwalimu wake, hata silsila ikapanda mpaka kwa mtunzi wa kitabu. Ijaza ilimshuhudia mtu. Kibali cha serikali hushuhudia kuta, maji na vyeti.

Nilipofika hapo katika fikira zangu nilikaribia kumhukumu kijana wa utepe, na nafsi yangu ilifurahi, kwani ni tamu kuona kwamba wazee wetu waliamini mioyo ilhali sisi tunaamini karatasi. Lakini insafu ilinizuia. Al-Shayzari, aliyeandika huko Sham katika karne ya 12 juu ya kazi ya muhtasibu, yaani msimamizi wa masoko na maadili ya mji, hakuwasahau walimu wa watoto: aliwakataza kusomeshea msikitini, kwa kuwa watoto huchafua kuta na sakafu, aliiwekea mipaka fimbo ya mwalimu, isiwe nene ya kuvunja mfupa, na hata mtu wa kuwasindikiza watoto njiani alitaka awe mwaminifu na mwenye mke. Miji ile haikukosa ucha Mungu, na bado ilituma mtu akague. Huyo anayepita kutazama fimbo ina unene gani ni babu wa afisa wetu, na anayetazama tundu za choo hajatoka nje ya mila. Kwani kipindupindu hakiulizi kama bibi ana moyo safi, na moto haurudi nyuma kwa heshima ya mvi.

Basi serikali hupima kinachopimika, kwa sababu moyo hauingii katika utepe, na kwa hilo siioni na kosa. Kosa huingia mahali pawili. La kwanza ni la wazazi, nasi tumo: tukiisha kuona hati imetundikwa ukutani hulegeza macho, tukadhani aliyepiga muhuri amechukua ulinzi uliokuwa wetu, hata hatumuulizi mtoto jioni alikula nini na nani alimfokea. La pili ni zito zaidi, nalo ni la mwenye mamlaka. Afungaye ua wa bibi kwa upungufu wa choo hakuwaondoa watoto wale duniani. Mnada wa samaki utakuwapo kesho alfajiri, na mtoto atafungiwa chumbani au atachukuliwa mgongoni katika moshi wa mafuta ya kukaangia. Mwenye kukataza huirithi ile amana aliyoikataza, na sijui ni fomu gani inayomwandikia deni hilo.

Kijana yule, namsifu kwa hili, hakufunga. Aliandika kwamba choo cha pili kijengwe na kwamba bibi apate msaidizi aliyesomea malezi, akampa muda, akakunja utepe wake. Wakati akiaga, kitoto kimoja kiligeuka usingizini kikaanza kulia, na bibi, pasipo kukatiza mazungumzo, alikishika kisigino, kikanyamaza. Alinieleza baadaye kwamba huyo halali mpaka mguu wake ushikwe.

Choo kilianza kuchimbwa wiki ile ile. Mpishi alitoa saruji kwa mkopo wa duka la jirani, fundi mmoja alijitolea siku mbili, na muuza samaki, ambaye hakuwa na fedha ya kutoa kwa mkupuo, kila alfajiri alikuja na matofali mawili kichwani na mtoto mgongoni, akavitua vyote mlangoni, akasema, “Shikamoo bibi, hivi hapa.”