Mama aliniuliza, "Sasa unaishi wapi?"



Mama yangu yupo Mitundu, kule Itigi, mkoani Singida. Huwa nampigia simu nikiwa ndani ya daladala, kwa sababu huo ndio muda pekee nilio nao. Siku moja akasikia konda anapiga kelele, "Kibamba, Mbezi, Kimara!" Akaniuliza kwa upole, "Baba, unalala Kibaha, unafanya kazi Kariakoo. Sasa unaishi wapi?" Nikacheka. Nilipokata simu sikucheka tena.

Ngoja nikupe hesabu yangu, maana najua ni hesabu ya wengi wetu. Kibaha ni mkoa wa Pwani, kazi yangu ipo Dar es Salaam, na katikati kuna kama kilomita 40 za Barabara ya Morogoro. Nimepanga Kibaha kwa sababu chumba ni nafuu, na kiwanja mtu wa kipato changu bado anaweza kukiota. Natoka saa kumi na moja alfajiri, nafika dukani saa moja na nusu. Jioni natoka saa kumi na moja, nafika chumbani saa mbili na nusu, foleni ikikaa vibaya ni saa tatu na zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na bosi wangu kwa hilo simlaumu, haivunji. Ila barabara nayo inakula saa kama 35 kila wiki. Hizo hakuna anayezilipa, wala hakuna anayezihesabu.

Nilikuwa naona hilo ni tatizo la usingizi tu. Mpaka siku niliyokuta turubai.

Nilirudi usiku kama kawaida, nikakuta turubai limefungwa nyumba ya pili kutoka ninapopanga, wamama wamekaa kwenye mikeka. Nikauliza kuna nini. Mama mmoja akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Tumeshazika jana. Kwani wewe mgeni hapa?" Jamani, nina mwaka wa tatu pale. Aliyefariki ni mama ambaye nilikuwa nasikia redio yake kila alfajiri ninapofunga mlango. Aliugua wiki tatu, ukuta kwa ukuta na watu tunaojiita wa jumuiya moja, na mimi sikujua hata kwamba redio imenyamaza. Nikatoa rambirambi, daftari likaandikwa jina langu, na aliyekuwa anaandika akaniomba nilitaje mara mbili.

Mitundu hilo haliwezekani. Sisemi kwamba kijijini ni peponi, hapana, wapo walioondoka kule kwa kukimbia midomo ya watu. Lakini mtu hawezi kuugua wiki tatu pasipo wewe kujua, hata kama hampatani.

Sasa swali lenyewe ndilo hili: je, nilitenda dhambi? Naweza kujitetea, na utetezi wangu si wa uongo. Sikukataa kumsaidia mtu, sikujua tu. Na sikujua kwa sababu nilikuwa kazini, na kazi ni wajibu, kuna mama Mitundu anategemea ninachotuma. Papa Leo XIII aliandika tangu mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba si haki kumfanyisha mtu kazi mpaka akili yake izimie na mwili wake uchakae. Kwa hiyo lawama si yangu peke yangu, mji wenyewe umejengwa hivyo. Hilo nakubali. Lakini haliniondolei ile sauti ya "kwani wewe mgeni hapa?"

Nikarudi kwenye mfano wa Msamaria mwema, Luka sura ya 10. Nimeusikia tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na siku zote yule kuhani nilimwona mtu mwenye roho mbaya. Safari hii nikaona neno moja: alikuwa anashuka. Waliochunguza mambo ya nyakati zile wanasema makuhani wengi walikuwa na makazi Yeriko, na walipanda Yerusalemu kuhudumu hekaluni kwa zamu. Maana yake huenda yule ni mtu aliyemaliza zamu, anarudi nyumbani, amechoka. Yaani ni mimi kabisa! Analala mji mmoja, anafanya kazi mji mwingine, na katikati ya barabara kuna mtu ambaye hayumo kwenye ratiba.

Mtakatifu Agustino alilitazama jambo hili. Aliona kwamba huwezi kumsaidia kila mtu, basi waangalie kwanza wale ambao mahali na wakati vimekuweka karibu nao, kana kwamba kura ndiyo imewachagua. Nimelipenda wazo hilo, ila kwa mtu wa daladala linaleta mgogoro. Kijijini mahali na wakati vinakwenda pamoja, uliye naye karibu kwa nyumba ndiye uliye naye karibu kwa saa. Kwangu vimeachana. Kwa mahali, jirani yangu ni yule mama wa redio. Kwa wakati, jirani zangu ni watu wa gari la saa kumi na moja. Kuna mzee anayebeba mkoba wa ngozi, kuna dada muuguzi, kuna kijana wa mitumba. Siku nilipoishiwa nauli, mzee wa mkoba alinilipia na hakutaka nimrudishie. Huyo naye ni zawadi ya Mungu, hata kama simjui kwa jina.

Lakini hata hao nimewahi kuwakana. Jioni moja pale Mbezi alipanda mama mjamzito, siti zimejaa, na mimi nikafumba macho. Sikuwa nimelala. Nilijiambia nimeamka usiku, ni haki yangu. Kuchoka kweli nilikuwa nimechoka, ila uongo ulikuwa kwenye kope. Aliyempisha ni yule mzee, ambaye aliamka saa ileile niliyoamka mimi. Hapo ndipo niliposhindwa kesi yangu.

Kuna watakaosema tusubiri usafiri uwe bora. Ni kweli, mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara ulipunguza mateso ya wengi, na treni ya SGR tangu mwaka 2024 inakufikisha Morogoro kwa kama saa mbili. Ila tayari nimesikia wenzangu wakisema, "Basi tuhamie Morogoro." Gari likikimbia zaidi, sisi tunakwenda kulala mbali zaidi. Saa ni zilezile.

Kitu kilichonipa nafuu kipo mwishoni mwa mfano, pale ambapo wengi hatufiki. Msamaria naye alikuwa safarini. Hakuacha shughuli zake kabisa. Alimfunga yule mtu majeraha, akampeleka nyumba ya wageni, akalala naye usiku ule, kesho yake akatoa dinari mbili, akamwachia mwenye nyumba na kuahidi atarudi kulipa zaidi. Kisha akaendelea na safari. Alimpangia mtu. Mimi sikuwa nimempangia mtu yeyote chochote.

Basi nimempa mwenyekiti wa jumuiya namba yangu, nikamwomba anitumie ujumbe akisikia mtu yeyote mtaani anaumwa, hata saa za kazi. Pia nimeongea na bosi: Jumamosi moja kwa mwezi niingie saa nne badala ya saa mbili, ili niwahi kusali na jumuiya saa kumi na mbili asubuhi. Amekubali, na hela ya saa hizo anakata. Imeniuma kidogo, sitaficha.

Sijajua kama inatosha. Mama nimemweleza, akasema tu, "Haya baba," akaanza kunisimulia habari za alizeti.

Jumamosi hii jumuiya inasali nyumbani kwa marehemu. Mzee wa mkoba nimeshamwambia asinishikie siti.