Dhima ya Moshi

Sisi watu wa Ng'ambo, mjini Unguja, tumezowea kusema kwamba hewa safi iko shamba, na anayekohoa kwa moshi wa magari ya Darajani huambiwa aende Makunduchi akapunge upepo wa bahari. Na kauli hiyo, kwa akaaye barazani, ni ya kweli. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa bara ulipokatika na majenereta yakanguruma kila uchochoro, nani wa mjini asiyeutamani upepo huo?

Lakini ingia jikoni. Mwanamke ameinamia mafiga, kuni mbichi zinafuka, makuti ya juu yamekuwa meusi tii kwa masizi, na mtoto yuko mgongoni. Chembe za moshi huo zilizo ndogo kabisa, ambazo unywele mmoja huzishinda unene kadiri ya mara 30, hazizuiliki puani wala kooni, bali huzama mapafuni na kuingia damuni. Na Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Wanazuoni wa fiqhi wa kale waliujadili moshi wa tanuri na wa hamamu, wakauliza jirani anastahiki nini unapomwingilia. Aliye jikoni hana jirani wa kumshitaki: moto kauwasha mwenyewe, na pumzi ni zake. Hapo wengi wetu hujisamehe upesi, tukasema ni kudra. Mimi siikubali hoja hiyo. Katika madhehebu ya Shafii, tuyafuatayo walio wengi visiwani humu, kupika si wajibu wa mke bali ni hisani yake, na nafaka, yaani matumizi ya mke, ndiyo wajibu wa mume. Basi dhima ya moshi i juu ya mlaji kabla ya kuwa juu ya mpishi, wala nafaka isihisabiwe kwa mchele na kitoweo peke yake, bali na kwa kuni kavu, dirisha la jiko na njia ya kutokea moshi, au mtungi wa gesi kwa aliyejaaliwa.

Na sisi wa Ng'ambo tu walaji pia. Makaa yetu huwaka bila ya moshi mwingi kwa kuwa moshi wake wa mwanzo umekwisha vutwa na mchomaji, huko shamba au bara, aliyelilinda tanuu usiku na mchana. Naye, tunapopatana bei ya gunia, hatumhisabii kitu.