Nasaha mbele ya bango

Mwaka 2019, mkutano wa akili bandia wa Deep Learning Indaba ulipofanyika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, nilisimama mbele ya bango la mwanafunzi wa uzamivu. Sentensi za kupimia modeli yake ya kutafsiri zilikuwa zimechanganyika na zile za kuifundishia, kwa hiyo alama zake nzuri hazikuwa na maana. Je, nimwambie palepale, watu wakisikia? Nikamkumbuka Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu: alipoombwa mawaidha na mwanafunzi wake, alimwandikia barua. Naamini nasaha ni amana, na fedheha huizuia isimfikie mwenyewe. Nikamwita kando. Lakini waliokwisha kulisoma bango nao wana haki ya ukweli (hili ndilo gumu zaidi), basi nikamtaka alisahihishe mwenyewe, kwa mkono wake, kabla ya kikao cha alasiri.