Faida Yatoka Wapi?

Ndugu, mwenye akiba kidogo huuliza: ninunue hisa, vipande vya mfuko wa pamoja, au magunia ya mahindi? Hutaka kujua atapata ngapi. Yafaa aulize kwanza faida itatoka wapi.

Mwenye hisa hushiriki kazi ya kampuni, faida na hasara. Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa Tanzania mwaka 2005, huwawezesha wenye kidogo kushiriki vivyo hivyo kwa pamoja.

Mahindi yataka uangalifu zaidi. Anayeyanunua wakati wa mavuno na kuyalinda yasibunguliwe amefanya kazi, astahili ujira. Lakini njaa ikiingia, naye akazidi kufunga ghala akingoja bei ipande tena, faida hiyo yatoka katika chungu cha jirani. Sheria huenda isimshike. Dhamiri je?