Hua Wawili, na Haki ya Mgonjwa Maskini

Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi swali ambalo wainjilisti na wazee wa kanisa hulikuta mara kwa mara katika kazi yao, wala si jepesi. Je, Mkristo akiisha kumpa mgonjwa maskini sadaka yake, amemaliza deni la upendo? Au yampasa pia kusimama mbele ya wenye mamlaka na kusema kwa ajili yake?

Tuchukue mfano. Tuseme katika mtaa wetu yuko bibi mjane, mzee wa miaka sabini, ambaye mguu wake umevimba na usiku hapati usingizi. Jumapili, baada ya ibada, jina lake latajwa, kapu lapitishwa, fedha za kumpeleka hospitali zapatikana. Twamshukuru Mungu, twarudi makwetu. Mwezi wa pili dawa zimekwisha. Kapu lapitishwa tena, nalo ni jepesi kuliko mara ya kwanza. Mwezi wa tatu bibi mwenyewe aona haya, asema amepona. Hajapona. Amechoka kuwa mzigo.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Maana yumkini bibi huyu alistahili kutibiwa pasipo malipo, wala hapana mtu aliyemwambia. Au aliambiwa, akatumwa kutafuta barua katika ofisi hii, kisha muhuri katika ofisi ile, nguvu zikamwishia njiani. Sisi tulimpa fedha, na tulifanya vema. Lakini hapana hata mmoja wetu aliyekwenda naye ofisini.

Tufungue Mambo ya Walawi, mlango wa 12. Torati iliamuru kwamba mwanamke aliyejifungua, siku za kutakaswa kwake zikitimia, alete kwa kuhani mwana-kondoo pamoja na kinda la njiwa au hua. Lakini tazama mstari wa mwisho wa mlango ule: asiye na uwezo wa kupata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Na katika mlango wa 5, kwa habari ya sadaka ya dhambi, asiyeweza hata ndege hao aliruhusiwa kuleta unga kidogo. Kisha tufungue Luka, mlango wa 2. Yusufu na Mariamu walipopanda Yerusalemu na mtoto Yesu, sadaka inayotajwa ni ile ya ndege wawili. Mama wa Bwana wetu aliingia hekaluni kwa msamaha wa maskini.

Katika jambo hilo twaona mafundisho matatu. Kwanza, msamaha ule ulikuwa umeandikwa. Mariamu hakuhitaji kumsihi kuhani, wala kumtafuta mtu anayefahamiana naye, wala kungoja kuhani awe na moyo mwema siku hiyo. Pili, utakaso ulikuwa ule ule. Aliyeleta hua hakutakaswa nusu, wala hakuwekewa madhabahu ya nyuma. Alisimama mbele ya kuhani yule yule kama aliyeleta kondoo. Tatu, sheria ilipima uwezo wa mtu kabla ya kumdai. Mungu hakuona kwamba kuwatoza watu wote kitu kimoja ndiyo haki.

Neno hili la tatu latupasa kulifikiri sana, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba usawa ni kila mtu kulipa sawasawa. Lakini shilingi elfu kumi mbele ya dirisha la hospitali ni bei moja yenye uzito mbalimbali. Kwa mfanyabiashara ni fedha ya mfukoni. Kwa mjane ni kuku, na debe la mahindi, na ada ya mjukuu. Wahenga walisema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ndiyo maana Mungu hakuwaachia wenye shibe wakisie uwezo wa mwenye njaa. Aliuandika katika sheria.

Sasa tuangalie nchi yetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania ilieneza zahanati na vituo vya afya vijijini, na matibabu katika nyumba za serikali yalitolewa bila malipo. Miaka ya shida ya uchumi ilipokuja, dawa zikapungua, na tangu mwaka 1993 malipo yakaanza kutozwa katika hospitali za serikali. Hata hivyo malipo hayo hayakuja peke yake. Pamoja nayo ulikuja utaratibu wa msamaha: kwa akina mama wajawazito, kwa watoto walio chini ya miaka mitano, kwa wenye maradhi fulani ya kudumu, na kwa wasio na uwezo; na baadaye Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikawataja pia wazee wa miaka sitini na zaidi wasiojiweza. Huo ndio mstari wa hua wawili katika sheria ya nchi.

Kisha watu wakajaribu njia ya kuchangiana. Katika wilaya ya Igunga ulianza, mwaka 1996, Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao kila kaya ilitoa mchango wake kabla ya ugonjwa, na serikali ikaongeza kiasi kama hicho. Jambo hilo likaitwa tele kwa tele. Mwaka 2001 Bunge likautungia sheria. Kisha Novemba mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, nayo yaagiza kwamba wasio na uwezo wagharimiwe na mfuko maalumu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala nyumba moja haiwezi kubeba ugonjwa mkubwa peke yake.

Sheria na mipango ya namna hii si maneno matupu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walipoteza maisha kwa ajili ya uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatusemi kwamba sababu ni moja, wala hatusemi kwamba 104 ni wachache. Kila mmoja wao ameacha mtoto. Lakini vituo vya afya viliongezewa vyumba vya upasuaji karibu na vijiji, wakunga wakaajiriwa, dawa zikanunuliwa. Kapu la Jumapili lisingaliweza kufanya hayo yote, hata kama lingalijaa kila juma.

Walakini sheria iliyoandikwa haina miguu. Hufika kijijini ikibebwa na watu, na isipobebwa hulala ofisini. Je, ni nani atakayeibeba? Tusome Matendo ya Mitume, mlango wa 6. Katika usharika wa kwanza wa Yerusalemu wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Watu wao wakanung'unika. Tazameni walivyofanya mitume. Hawakuwakemea kwa kuleta fitina, wala hawakuwapa wajane wale mkate wa siku moja ili wanyamaze. Waliita mkutano wote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, na utaratibu ukabadilika. Na majina ya wale saba ni ya Kiyunani, kana kwamba kanisa lilitaka wahudumu watakaoyasikia malalamiko yale kwa lugha yake yenyewe.

Twajua kwamba baadhi ya ndugu watauliza: Je, Mtume Paulo hakutuagiza, katika Warumi mlango wa 13, kuitii mamlaka? Ndiyo, ametuagiza, nasi twatii. Lakini Paulo yuyo huyo, alipopigwa katika mji wa Filipi bila kuhukumiwa, hakukubali kutolewa gerezani kwa siri. Aliwataka wakuu waje wenyewe. Na huko Kaisaria alikata rufani kwa Kaisari. Kutii mamlaka ni pamoja na kuitumia kwa kazi ambayo Mungu ameiwekea, yaani kutenda mema. Mtu aendaye kwa mwenyekiti wa kijiji na kusema, "Sheria yenu yasema hivi, lakini bibi huyu hakutendewa hivi," hakuidharau mamlaka. Amemkumbusha mtumishi wa Mungu kazi yake.

Baba yetu Martin Luther alifundisha vivyo hivyo. Alipoifasiri Zaburi ya 82, mwaka 1530, alisema kwamba kuwaonya watawala waziwazi kwa Neno la Mungu si uasi. Nayo matendo yake yalikuwa yamelitangulia neno hilo. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, katika nchi ya Saxony, ulifanya sanduku la pamoja kwa ajili ya maskini, wazee, yatima na wagonjwa. Walichaguliwa wasimamizi kumi kutoka kwa wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima. Sanduku likatiwa kufuli nne, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Mapato yakipungua, kila mtu alipaswa kuchanga kwa kadiri ya uwezo wake. Luther akaandika dibaji, utaratibu ule ukapigwa chapa. Baraza la mji lilipokataa kuyatoa mapato, Luther hakusema, "Basi, tuombe tu." Alimwandikia mtawala, Frederick wa Saxony, kwa ajili ya usharika ule. Aliomba, tena aliandika.

Wengine watasema: Maskini wapo siku zote, Bwana mwenyewe alisema. Ni kweli, lakini Bwana alilitwaa neno lile katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 15, na huko neno lenyewe limefuatwa na amri ya kumfumbulia maskini mkono. Wengine tena watasema: Serikali haina fedha. Mara nyingine ni kweli pia. Basi ukweli huo nao usemwe mkutanoni, na hesabu isomwe mbele ya watu, ili kidogo kilichopo kigawanywe kwa haki. Mwaka 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti zao. Kumkumbusha mtu ahadi yake si matusi.

Lakini tuangalie, ndugu, tusichanganye kudai haki na kunung'unika. Mnung'unikaji husema kisimani na kilabuni, mahali ambapo hapana awezaye kutengeneza neno. Mtetezi husema mbele ya yule awezaye kulitengeneza. Mnung'unikaji huongeza chumvi. Mtetezi huleta jina, siku, na karatasi iliyoandikwa. Mnung'unikaji humlaumu muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku pasipo glavu. Mtetezi huuliza kwa nini muuguzi yule aliachwa peke yake. Wala mtetezi hasemi kwa ajili ya Wakristo tu. Jirani Mwislamu, na yule asiye na dini, homa yake ni homa ile ile.

Tena hukumu ianze katika nyumba ya Mungu. Kanisa letu lina hospitali na zahanati nyingi, na baadhi ya hizo zimekuwa Hospitali Teule za wilaya kwa mapatano na serikali. Twajua kwamba mishahara na dawa havipatikani bure, na kwamba mapatano yakichelewa kulipwa kazi huyumba. Walakini yatupasa kujiuliza pasipo kujificha: Je, mlangoni petu maskini aonyeshwa mahali pa hua wawili, au aulizwa kondoo kwanza? Tusipotengeneza kwetu, neno letu mbele ya serikali litakuwa debe tupu.

Basi tufanye nini? Mwinjilisti na aujue utaratibu wa msamaha na wa bima, kama aujuavyo mpango wa ibada; na ausome kwa watu katika lugha nyepesi. Wazee wa kanisa na wajue ni kaya zipi katika mtaa wao zisizo na uwezo, ili mtu asiachwe nje ya orodha kwa sababu tu hana wa kumtaja. Washarika na wauhudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka kumi na minane na zaidi, nao hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Zahanati yenye kamati ya usimamizi ina nafasi za wananchi. Wachaguliwe watu waaminifu, kama wale saba, wala nafasi zisiachiwe wale wanaotafuta posho. Na mgonjwa dhaifu asiende ofisini peke yake. Aende na mtu.

Hata baada ya hayo yote, watakuwapo ambao sheria haikuwaona: aliyehamia jana, aliyepoteza kitambulisho, aliye na ugonjwa usiotajwa katika orodha. Kwa ajili ya hao kapu letu litaendelea kupita. Mfichaji wa maradhi kifo humuumbua, nalo kapu bila sauti laweza kuwa njia ya kuficha maradhi ya kijiji. Bali sauti bila kapu ni upendo wa midomo. Vyote viwili vyadaiwa kwetu.

Tumrudie yule bibi. Siku moja na aingie hospitalini bila kuona haya, akiwa na karatasi yake mkononi, kama Mariamu alivyoingia hekaluni na hua wake wawili. Na aliye dirishani ampokee kama ampokeavyo mwenye kondoo. Bwana aliyebebwa hekaluni siku ile mikononi mwa maskini na atupe macho ya kuona, miguu ya kwenda, na kinywa cha kusema. Amina.