Anayehama Chuo Amuulize Nani?

Matokeo ya semesta ya kwanza yakishatoka, swali moja huanza kuzunguka mabwenini. Huyu ana sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, na anaona kozi haimwingii kabisa. Yule amefaulu vizuri, lakini alipangiwa ualimu ilhali moyo wake uko kwenye sheria. Mwingine hana ugomvi na kozi, ila mama yake anaumwa na chuo kiko safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Wote wanajiuliza kama wahame, na wote wanamtafuta mtu wa kuwashauri.

Wanachoomba si kitu chepesi. Mshauri anatakiwa aseme neno juu ya maisha ambayo yeye hatayaishi, kwa kijana ambaye naye bado hajayajua. Mtu wa miaka 20 anayeuliza kama awe mwanasheria au mwalimu anauliza, kwa hakika, atakuwa nani. Je, swali la namna hiyo lina mtu anayeweza kulijibu?

Mwaka 1911 Ludwig Wittgenstein, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri, alikuwa na miaka 22 na swali hilohilo. Tangu 1908 alikuwa Manchester, Uingereza, akijishughulisha na uhandisi wa ndege na kusanifu rafadha. Hesabu za rafadha zikamvuta kwenye hisabati, na hisabati ikamfikisha kwenye jambo lililomnyima usingizi: hisabati yenyewe imesimama juu ya nini? Kiangazi hicho akasafiri hadi Jena, Ujerumani, kumwona mwanahisabati Gottlob Frege. Frege akamwelekeza Cambridge, kwa mwanafalsafa Bertrand Russell. Oktoba akawa mlangoni kwa Russell. Muhula ulipoisha akamtaka mwalimu wake amwambie bila kumficha kama alikuwa mjinga au la, maana kama ni mjinga, angerudi kwenye ndege. Russell hakubahatisha. Alimwambia aende likizo akaandike kitu. Januari 1912 kijana akaleta karatasi zake, Russell akazisoma, kisha akamwambia aachane na ndege.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya kipaji cha Wittgenstein. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni mwenendo wa washauri wake. Frege alijua mahali, akataja mahali. Russell hakujua kama kijana yule anafaa, na kwa kuwa hakujua, aliomba ushahidi kabla ya kufungua kinywa. Ni wazazi, wajomba na wahadhiri wangapi wanaoulizwa kuhusu kuhama chuo wakasema kwanza, "Nionyeshe ulichokwisha kufanya katika hicho unachokitaka"? Anayetamani sheria anaweza kukaa nyuma ya ukumbi wa mihadhara ya sheria kwa wiki mbili, akaazima kitabu cha mwaka wa kwanza, akaenda mahakamani kusikiliza kesi. Akirudi, mazungumzo yatakuwa mengine.

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre alikuwa na shaka na ushauri wote. Katika mhadhara aliotoa Paris Oktoba 1945 alieleza habari za mwanafunzi wake aliyemjia wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani. Kaka wa kijana yule alikuwa ameuawa vitani mwaka 1940, na mama yake hakuwa na faraja nyingine ila yeye. Aende Uingereza kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru, au abaki na mama? Sartre alimwambia kwamba yuko huru, basi achague. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna kitabu cha maadili kitakachomwamulia, na kwamba anayekwenda kwa padri kuomba ushauri amekwisha kumchagua padri huyo, huku akijua kwa kiasi fulani atakachoambiwa.

Hapo Sartre aligusa kidonda. Mwanafunzi anayetaka kubaki hupiga simu kwa baba aliyelipa ada. Anayetaka kuondoka humtafuta rafiki aliyehama mwaka jana na ambaye sasa hafichi furaha yake. Kila mmoja ameshapiga kura kabla ya kuuliza.

Hata hivyo, jibu la Sartre linamwacha kijana mpweke kuliko inavyolazimu. Ni kweli kwamba uamuzi haukabidhiwi kwa mwingine. Lakini mtu anayelazimika kuitamka sababu yake mbele ya msikilizaji mwenye akili mara nyingi huisikia sababu hiyo kwa mara ya kwanza. Anayesema "kozi ni mbaya" akaulizwa "ni somo lipi hasa?" huenda akagundua kwamba somo ni moja tu, na tatizo ni chumba chenye kelele asichoweza kusomea. Mwingine atatambua kwamba anakimbia aibu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, wala hana mahali anapokwenda. Kumsaidia mtu kufika hapo ni kazi kubwa, na haimpokonyi uhuru wake hata kidogo.

Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliijua kazi hiyo kutoka pande zote mbili, maana yeye mwenyewe alihama vyuo akiwa mtu mzima. Alisoma Alcalá, akahamia Salamanca mwaka 1527. Kote huko alihojiwa na wakuu wa dini na kufungwa gerezani. Salamanca walimwachia, ila wakamkataza kufundisha tofauti ya dhambi ya mauti na dhambi ndogo mpaka asome miaka minne zaidi. Akaona mlango umefungwa, akaamua kwenda Paris. Watu wa heshima walimsihi asiende, kwa kuwa Ufaransa na Hispania zilikuwa vitani. Akaenda. Alifika mwanzoni mwa 1528, akagundua kwamba msingi wake ulikuwa dhaifu, na akiwa na umri wa karibu miaka 37 akaketi darasa moja na watoto kujifunza Kilatini upya.

Mtu huyuhuyu ndiye aliyeacha, katika mafundisho yake ya mazoezi ya kiroho, kanuni kwamba wakati wa ukavu na huzuni ya roho mtu asibadili uamuzi aliokuwa nao kabla ya huzuni hiyo. Wapo wanaoichukua kama amri ya kuvumilia tu. Maisha yake yanaonyesha vingine. Inyasi alihama kwa sababu iliyobaki kuwa sababu hata baada ya hasira ya gerezani kupoa. Kwa mwanafunzi aliyeona sapu tatu jana usiku, kanuni hii ina faida ya wazi: fomu ya uhamisho isijazwe usiku huo. Sababu ikiwa bado ipo baada ya mwezi, na baada ya kurudia mtihani, ina uzito.

Upande wa mshauri, mafundisho ya Uislamu ni makali kuliko wengi wanavyodhani. Anayeombwa ushauri amekabidhiwa amana, na amana hiyo huweza kumlazimu aseme yasiyopendeza. Fatima binti Qais alipoposwa na wanaume wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume Muhammad. Mtume hakumjibu kwa mafumbo. Alimweleza kwamba mmoja ni maskini asiye na mali na mwingine hupiga wanawake, kisha akamtajia mtu wa tatu, Usama bin Zayd. Kwa mapokezi haya wanazuoni walikubali kwamba kutaja kasoro za mtu mbele ya anayeomba ushauri si usengenyaji unaokatazwa.

Basi mhadhiri anayejua kwamba idara fulani haina walimu wa kutosha, akanyamaza kwa kuwalinda wenzake, ameivunja amana. Ndivyo ilivyo pia kwa mzazi anayesema "baki hapo" huku moyoni akiogopa maneno ya majirani. Hawa si watu wabaya. Lakini mwanafunzi ana haki ya kujua hofu inayosemwa ni ya nani.

Iko pia sehemu ya ushauri isiyohitaji falsafa yoyote, nayo ndiyo hupuuzwa na washauri wenye maneno mazuri. Nchini Tanzania uhamisho hufuata miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu, na chuo kinachopokea ndicho hupima ni masomo yapi ya zamani kitayatambua, kwa hiyo mtu wa mwaka wa pili anaweza kujikuta anaanza mwaka wa kwanza. Anayetegemea Bodi ya Mikopo hawezi kudhani kwamba boom, yaani fedha za kujikimu, litamfuata lenyewe. Mkopo nao una taratibu zake za kuhamishwa. Kenya maombi hupitia KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo, na mwombaji hupimwa kwa alama zilizotakiwa na kozi ile mwaka aliojiunga. Kumtia moyo kijana afuate ndoto yake bila kumwambia haya ni kumdhulumu.

Baada ya hayo yote, kwa Mwislamu kuna swala ya istikhara, rakaa mbili na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu amchagulie lenye kheri. Wengi huisubiri kama ndoto itakayowajibu usiku, ingawa dua yenyewe haiahidi ndoto. Imamu Nawawi, mwanazuoni wa karne ya 13, alipendekeza mtu aanze kwa kumshauri anayejulikana kwa nasaha, huruma na uzoefu, ndipo aswali istikhara. Mpangilio huo unaingia vizuri katika kalenda ya chuo. Dirisha la uhamisho hufunguliwa kwa muda mfupi, hivyo wiki za kabla yake ndizo za kwenda kwa mshauri wa wanafunzi na nakala ya matokeo mkononi, kumtafuta mtu aliyehama akajuta na mwingine aliyehama akafurahi, kumweleza mzazi sababu ya kweli hata kama itamuumiza, na kuacha usiku kadhaa wa kuomba kabla ya kutia saini.