Asiyekuwepo na Lake Lipo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mfumo wa rufaa umejengwa juu ya wazo linalokwenda kinyume kabisa na methali hiyo. Mtu ambaye hakuwepo shambani ajali ilipotokea, hakuwepo mahakamani mashahidi walipohojiwa, na pengine hajawahi kukanyaga Kericho, eneo la mashamba ya chai nchini Kenya, ndiye anayepewa neno la mwisho. Tumelizoea wazo hili hata halitushangazi tena. Inafaa litushangaze kidogo.

Chukua kesi ya aina iliyofahamika sana katika mahakama za Kericho na Bomet. Mchuma chai anadai kwamba aliteleza kwenye mteremko uliolowa, akaanguka, akaumia mkono. Kampuni inajibu kwamba siku hiyo hakuwa kazini, na inamleta karani na daftari la uzani wa majani, kisha muuguzi na rejista ya zahanati ya shamba. Hakimu anawasikiliza wote. Anaona nani amejibu bila kusita na nani ametazama chini alipoulizwa tarehe. Anaandika hukumu. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa, na kuanzia hapo kesi inageuka kuwa karatasi.

Hata karatasi yenyewe ina historia. Shahidi alizungumza Kikipsigis, au Ekegusii, au Kiswahili, mkalimani akatafsiri, hakimu akaandika kwa Kiingereza yale aliyoyaona yana uzito. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inakubali Kiswahili katika mahakama za chini, lakini lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa imebaki Kiingereza. Kwa hiyo kinachomfikia jaji ni maneno yaliyopita vinywa viwili na kalamu moja. Kwa haki gani, basi, asiyeona amsahihishe aliyeona?

Wapo watakaojibu kwamba jaji yuko juu na ana uzoefu zaidi. Jibu hilo halitoshi. Cheo hakiongezi macho, na uzoefu wa miaka 30 hauwezi kumwonyesha mtu uso ambao hakuuona.

Majaji wenyewe walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1968, katika kesi ya Selle dhidi ya Associated Motor Boat, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanzania hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, iliweka kanuni ambayo majaji wa Kenya wanairudia hadi leo. Mahakama ya rufaa ya kwanza inapaswa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona wala kuwasikia mashahidi. Kesi ya Okeno ya 1972 ilisisitiza wajibu huo huo upande wa jinai. Kanuni hii ina nusu mbili zinazovutana: fikiri upya kana kwamba ulikuwepo, kisha jihadhari kwa kuwa hukuwepo. Ukiitii nusu ya kwanza peke yake, jaji anakuwa hakimu wa pili asiye na mashahidi. Ukiitii ya pili peke yake, rufaa inakuwa mhuri wa kuthibitisha tu.

Watu wa nchi ya chai wanaweza kuuelewa mvutano huu kupitia kazi ya mwonjaji wa chai kule Mombasa. Hajui mvua ilinyesha lini Bomet, wala nani alichuma majani mawili na chipukizi na nani alijaza kikapu majani makuukuu. Anapewa kikombe tu. Lakini kwa sababu ameonja vikombe vya viwanda vingi asubuhi ile ile, anatambua jambo ambalo mchumaji hawezi kulitambua akiwa katikati ya mistari ya michai: chai hii ikoje ukiilinganisha na nyingine. Jaji wa rufaa naye hupata kitu kwa kukaa mbali. Amesoma kesi nyingi zinazofanana na hii, na anaona hakimu wa mji mmoja anapomtaka mlalamikaji alete uthibitisho ambao hakimu wa mji mwingine hautaki. Ulinganisho huu unaishia hapo, kwa kuwa mwonjaji hawezi kuirudisha chai mtini, ilhali jaji anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya tangu mwanzo.

Tukubali basi kwamba umbali una faida yake. Lakini tulichunguze pia dai la upande wa pili, kwamba kuona kuna thamani kubwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 199, inamtaka hakimu aandike maoni yake kuhusu jinsi shahidi alivyokuwa akijibu, pale anapoona jambo hilo lina uzito. Kifungu hicho kinaamini kwamba uso husema. Kifungu kinachofuata, cha 200, kinaruhusu hakimu mpya aendelee na kesi kwa kutumia ushahidi ulioandikwa na mwenzake aliyeondoka, ingawa mshtakiwa anaweza kudai mashahidi waitwe tena. Yaani hata katika mahakama ya kwanza, anayehukumu anaweza kuwa mtu ambaye hakumwona shahidi hata mmoja. Sheria inauthamini uso, na papo hapo inakiri kwamba haki inaweza kutendeka bila uso kuonekana.

Nayo inafanya vizuri kukiri, kwa maana uso hudanganya. Mwongo aliyezoea mahakama hutazama mbele na kujibu kwa sauti kavu. Mkweli aliyeingia kwenye jengo lile kwa mara ya kwanza, anayehojiwa kwa lugha asiyoimudu na wakili aliyevaa suti, hutetemeka na kuchanganya tarehe. Hakimu anaweza kuuona woga akauita uongo. Asiyemwona mtu hawezi kumdharau kwa viatu vyake vya mpira wala kumwonea huruma kwa machozi yake. Upofu wa jaji, ukiutazama vizuri, unamzuia asikosee kwa namna moja na unamfungulia njia ya kukosea kwa namna nyingine.

Hapa ndipo ninapoona maana halisi ya rufaa. Mahakama ya juu inaona kitu tofauti na kile kinachoonwa na ya chini, na kila moja ina upofu wake. Mfumo unajaribu kuhakikisha kwamba hakuna upofu unaotawala peke yake. Ili hilo liwezekane, hakimu lazima ageuze alichokiona kiwe kitu ambacho mtu mwingine, mgeni kabisa, anaweza kukisoma na kukifuatilia. Uamuzi wa haki ni ule unaovumilia kusomwa na asiyekuwepo.

Kuna sehemu za uamuzi zisizogeuka maandishi kirahisi, na mbele ya hizo anayesoma anatakiwa ajizuie. Kesi ya Mbogo dhidi ya Shah, ya 1968 pia, ilisema kwamba mahakama ya rufaa isiingilie hiari ya jaji ila pale alipojielekeza vibaya na kwa hiyo akakosea, au pale inapodhihirika kwamba amekosea kabisa na haki ikapotea. Kesi ya Butt dhidi ya Khan ya 1981 ilitumia busara hiyo hiyo kwenye fidia: kiasi hakibadilishwi ila kiwe kikubwa au kidogo kupita kiasi, au kiwe kimefikiwa kwa msingi usio sahihi. Tuseme hakimu amempa mchuma chai shilingi 100,000 kwa mkono ulioteguka, na jaji wa rufaa anaamini kwamba yeye angempa 80,000. Anapaswa kuziacha 100,000 zilivyo. Kanuni hii inadai unyenyekevu adimu kwa mwenye mamlaka: kujua kwamba wapo watu wawili wenye akili timamu wanaoweza kutofautiana bila mmoja wao kuwa amekosea.

Kadiri kesi inavyopanda, mlango unazidi kuwa mwembamba. Rufaa ya pili kwa kawaida husikiliza hoja za sheria tu. Kama mtu alikuwa shambani siku ile au hakuwa, hilo linafungwa kwenye ngazi ya kwanza ya rufaa. Mahakama ya Juu yenyewe inapokea masuala ya kufasiri Katiba au yenye umuhimu kwa umma wote. Matokeo yake ni magumu kuyameza: mtu anaweza kuwa amedhulumiwa kwa kutoaminiwa, na kuanzia hatua fulani hakuna tena atakayeuliza kama alisema kweli.

Wazee wa Kipsigis waliokutana katika kokwet, baraza la majirani, wangeuona utaratibu huu kuwa wa ajabu. Kwao waamuzi waliwajua wadaawa, na shauri lililowashinda majirani lilipelekwa kwenye mkutano mpana zaidi, mbele ya mwamuzi aliyeitwa kirwogindet. Masahihisho yalipatikana kwa kuongeza macho juu ya watu wale wale. Njia hiyo ina joto ambalo mahakama haina, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 159, inazitambua njia za jadi za kutatua migogoro. Lakini jirani anayekujua anamjua pia baba yako, deni lako na ukoo wako. Mgeni kutoka magharibi ya Kenya aliyekuja kuchuma chai, asiye na ukoo Kericho, huenda akapendelea kusomwa na mtu asiyemjua.

Jambo lililoupima mfumo huu kwa ukali zaidi katika nchi ya chai halikuhusu uso wala daftari. Lilihusu wakati. Bunge lilipitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini mwaka 2007, ile ambayo wafanyakazi wanaiita WIBA, na ikaanza kutumika Juni 2008. Iliondoa madai ya majeraha mahakamani na kuyakabidhi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Wanasheria wa Kenya kikaipinga, na Machi 2009 Jaji Ojwang wa Mahakama Kuu akatamka kwamba vifungu vyake kadhaa vinakwenda kinyume na Katiba. Wachuma chai wakaendelea kwenda kwa mahakimu. Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikaitengua sehemu kubwa ya uamuzi huo, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo.

Mtu aliyefungua kesi Kericho mwaka 2012 alikuwa amesimama wapi kisheria? Tukisema mahakama ya juu inatangaza tu sheria ilivyokuwa siku zote, basi hakimu wa 2012 hakuwa na mamlaka, na kesi ile ni bure. Tukisema inaibadilisha sheria kuanzia siku ya hukumu, tumekiri kwamba majaji wanatunga sheria. Mahakama ya Juu ilisema waliofungua madai kabla sheria haijaanza kutumika walikuwa na matarajio halali ya kumaliza chini ya utaratibu wa zamani. Waliofungua katikati waliachwa kwenye ukungu. Mahakama zikatofautiana juu yao, hadi Jaji Mkuu alipotoa maelekezo mwaka 2023 kwamba kesi zao ziendelee huko huko mahakamani hadi mwisho.

Nadhani suluhisho hilo lina falsafa nzuri kuliko inavyoonekana. Uamuzi uliokosewa, maadamu haujatenguliwa, ni sheria kwa wanaoishi chini yake. Mchuma chai hana namna ya kuikosoa Mahakama Kuu. Anachoweza ni kuiamini na kupanga maisha yake juu ya neno lake. Kwa hiyo anayekuja baadaye kusahihisha anawajibika kuwasoma pia watu waliokwisha kulitumia andiko la kwanza. Na suala la WIBA limefika hadi nje ya Kenya. Wafanyakazi walioishtaki James Finlay (Kenya), kampuni iliyosajiliwa Scotland, kwa kuumia migongo, walishinda hoja ya mamlaka mbele ya jaji mmoja mjini Edinburgh mwaka 2023. Mwishoni mwa mwaka huo huo majaji wa rufaa wa huko wakaisimamisha kesi wakitaka madai yapitie kwanza njia ya WIBA nchini Kenya.

Faida kubwa ya rufaa, hata hivyo, huwafikia watu wasiokata rufaa kamwe. Sheria inamtaka hakimu ataje mambo yanayobishaniwa, uamuzi wake, na sababu zake. Kama hakuna atakayemsoma, ingetosha aseme, "Nimemwona, hasemi kweli." Akijua atasomwa, analazimika kueleza ni daftari gani lilimpinga shahidi, na kwa nini aliliamini daftari kuliko mtu. Kulazimika huku kunamlinda mchuma chai ambaye kesi yake iliishia kwa hakimu.

Lakini kunamlinda kwa sharti moja. Kupata mwenendo wa kesi uliochapwa kunahitaji ada na subira, wakili anahitaji malipo, na Mahakama ya Rufaa haina makao Kericho wala Bomet. Kampuni yenye bima na mawakili inaweza kukata rufaa kila inaposhindwa. Mchuma chai anaweza mara chache sana. Hakimu anayejua kwamba ni upande mmoja tu unaoweza kuipeleka hukumu yake juu ataandika kwa uangalifu mkubwa anapompa mfanyakazi ushindi, na kwa wepesi anapomnyima, hata kama hakukusudia. Hapo rufaa, iliyowekwa ili iurekebishe upofu wa mahakama ya chini, inakuwa ndiyo inayoupinda uamuzi kabla haujaandikwa. Ndiyo maana gharama ya kukata rufaa haipaswi kuhesabiwa kama suala la huruma kwa maskini. Inaamua kama hukumu ya kwanza, ile inayowafika walio wengi, itaandikwa na mtu anayetarajia kusomwa na pande zote mbili.